Askari wa Kuchezea wa Urithi Wasio na Alama: Kutafuta Asili Yao kwa Kufuata Dalili

Sanduku la askari wa kuchezea linapofunguliwa baada ya msiba, warithi huuliza kwanza ni nani aliyewatengeneza. Mtu humgeuza askari mmoja, akatazama chini ya kitako, yaani kibao anachosimamia, asione jina wala namba, kisha akahitimisha ama kwamba hawana thamani yoyote ama kwamba ni wa kale mno. Hitimisho zote mbili huwa za haraka. Viwanda vingi vya Ulaya havikuwahi kuweka alama kwenye sanamu zenyewe, bali kwenye maboksi yaliyokwisha kutupwa. Vingine vilibandika karatasi iliyobanduka zamani. Na baadhi ya askari ni nakala ambazo waliozitengeneza hawakuwa na haja ya kutaja jina la mtu.

Maelezo yafuatayo yamepangwa kwa dalili, na chini ya kila dalili chanzo kinachotokea mara nyingi zaidi kimetangulia. Kanuni ninayoifuata ni kuanza na kile kilichotumika kutengenezea na kumalizia na sare. Wengi hufanya kinyume chake, wakatafuta sare kwenye picha na kuamini kwamba askari mwenye sare ya Uingereza ametoka Uingereza, ilhali kiwanda cha Georg Heyde cha Dresden, Ujerumani, kilikuwa kikiuza nje majeshi ya mataifa mengi.

Kabla ya kuwagusa

Askari wengi wa chuma waliotengenezwa kabla ya miaka ya 1960 kumalizika wana madini ya risasi, ambayo kwa Kiswahili yanabeba jina lile lile la kitu kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki, na kwa upande wa afya jina hilo halijakosea sana. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Tandika gazeti mezani, vaa glavu nyembamba, usile wala kunywa ukiwa kazini, na ukimaliza nawa mikono kwa sabuni. Watoto na mama wajawazito wakae mbali, hata kama babu mwenyewe aliwachezea akiwa mtoto.

Vifaa vinavyohitajika ni rula yenye milimita, sumaku, lenzi ya kukuzia, tochi, mizani ndogo ambayo haitarudishwa jikoni, na simu ya kupigia picha. Maji, sabuni, brashi ngumu na mafuta ya kung'arishia viachwe kabatini. Askari wengi waliopoteza vidokezo vyao wamevipoteza kwenye beseni la mrithi mwenye nia njema.

Dalili ya kwanza: ni wa chuma, ana kitundu kidogo, na kitako hakina maandishi

Mtazame utosini, chini ya miguu na chini ya kitako kwa lenzi. Ukiona kitundu, na ukampima ukakuta ni mwepesi kuliko ulivyotarajia kwa ukubwa wake, basi huyu ana mvungu ndani. Njia hiyo ya kusubu, yaani kumimina metali iliyoyeyushwa ipate umbo, ililetwa sokoni mwaka 1893 na familia ya Britain jijini London, ambayo kampuni yake huitwa Britains. Risasi iliyochanganywa na bati na antimoni ilimiminwa kwenye kalibu, ikaachwa kitambo kidogo hadi tabaka la nje ligande, kisha iliyobaki ikiwa bado ya moto ikamwagwa nje. Madini yaliyotumika yalikuwa machache, bei ikashuka, na Wajerumani waliokuwa wametawala soko la Uingereza wakapata mshindani.

Chanzo cha kwanza cha kukosekana kwa alama ni karatasi iliyobanduka. Kuanzia mwaka 1900 Britains walibandika vikaratasi vya hakimiliki chini ya vitako, kwa sababu wenzao wa London walikuwa wakinakili sanamu zao waziwazi hadi mambo yakafika mahakamani. Mulika kitako kwa tochi ukiilaza pembeni, si kwa kuielekeza juu moja kwa moja. Kivuli cha gundi, au eneo lenye rangi tofauti lenye umbo la kikaratasi, ni ushahidi mzuri. Usilisugue wala kulilowesha. Baadaye maandishi yalianza kusubiwa pamoja na sanamu, chini ya kitako au chini ya tumbo la farasi, na rangi nene huweza kuyaziba kabisa. Yatafute kwa ncha ya kidole kabla ya jicho. Ukikuta tarehe, usiishangilie upesi, maana ni tarehe ya kusajiliwa kwa hakimiliki ya umbo, na sanamu yenyewe huenda ilitoka kiwandani miaka mingi baadaye.

Chanzo cha pili ni kwamba ametoka katika kiwanda kingine cha Uingereza, kama vile John Hill, Crescent au Charbens. Angalia mikono. Askari wengi wa Britains wana mkono mmoja uliosubiwa peke yake, ambao huzunguka begani, wakati wengi wa washindani hao wana mikono iliyoshikamana na mwili. Hiki ni kidokezo tu, kwa kuwa Britains pia walikuwa na askari wa mikono isiyosogea, hasa wale waliopiga magoti na kulenga shabaha.

Chanzo cha tatu ni unakili, na hapo rula ndiyo husema. Askari wa miguu wa kawaida wa Britains ana milimita 54 hivi, kuanzia nyayo hadi utosi, bila kitako na bila manyoya ya kofia. Chuma hunywea kinapopoa, kwa hiyo aliyetengenezewa kalibu kutoka kwa askari mwingine hutoka mfupi kidogo kuliko mama yake, mara nyingi kwa nusu milimita hadi milimita moja, na vifungo vyake huonekana kama vilivyoyeyuka. Niliwahi kuwatangaza askari wa trei nzima kuwa Britains kabla sijampima hata mmoja, na nilipowapima nikalazimika kumpigia simu mwenyewe kumwomba radhi. Tangu siku hiyo rula hutangulia maneno yangu.

Chanzo cha nne, ambacho kila mtu hukitamani na wachache hukipata, ni kwamba askari ametengenezwa kabla ya 1900, wakati karatasi zilikuwa hazijaanza. Umbo la kitako husaidia hapa. Askari wa miguu wa mwanzo walisimama juu ya vitako vya duara au vya mviringo wa yai, na vitako vya mstatili vilianza kuchukua nafasi yao kuanzia karibu 1907. Kitako cha yai pekee hakitoshi kuwa ushahidi. Kikiambatana na rangi ya zamani isiyoguswa na kalibu yenye ncha kali, inafaa kumtafuta mtaalamu.

Msomaji wa Afrika Mashariki huenda akakutana na askari wenye ngozi nyeusi, sare ya kaki na tarbushi. Britains walikuwa na seti namba 225 ya King's African Rifles, lile jeshi la kikoloni lililoundwa mwaka 1902, ambalo wazee wetu wengi walilitumikia na wakaliita Keya. Lakini walikuwa pia na seti namba 117 ya askari wa miguu wa Misri, nao huvaa tarbushi. Isitoshe, kiwanda kilizoea kutumia kalibu moja kwa vikosi kadhaa kwa kubadilisha rangi tu. Kwa hiyo tarbushi haimpi askari utaifa. Linganisha rangi ya ngozi, ya sare na ya miguu kwa pamoja na picha za seti kamili iliyo na boksi lake, kisha uthibitishe kwamba rangi hiyo haikupakwa upya nyumbani.

Dalili ya pili: ni mzito kuliko umbo lake, na hana kitundu popote

Huyu amesubiwa akiwa ameshiba, yaani hana mvungu, ni risasi ndani na nje kutoka utosi hadi unyayo. Kwanza, tafuta mshono wa kalibu ubavuni. Mshono mnene usiokwanguliwa, kitako chenye kisiki cha mahali risasi ilipoingilia, na rangi iliyopakwa kwa mkono wa mtu asiye na mazoezi, vyote huelekea kwenye chanzo ambacho wauzaji hawapendi kukitaja, yaani askari amesubiwa nyumbani. Kalibu za kusubia nyumbani ziliuzwa kwa wingi, zile za Schneider wa Leipzig zikiwa miongoni mwa zilizosambaa mno, na akina baba wengi walitumia jioni zao za baridi kuyeyusha mabomba ya zamani jikoni. Askari wa namna hii mara nyingi si mnene wala si bapa, yuko katikati, na katika mkusanyo mmoja utawakuta ndugu zake kumi na wawili wenye kasoro ile ile mahali pale pale. Bei yao ni ndogo, lakini aliyewasubu huenda ni babu yako, na hilo mnada hauwezi kulipima.

Pili, huenda ametoka kwa Heyde. Sanamu za Heyde kwa kawaida hazina alama yoyote. Kiwanda kiliteketea katika mashambulizi ya anga dhidi ya Dresden mwezi Februari 1945, hivyo hakuna kiwanda cha kuuliza tena. Tazama shingo, kwa maana vichwa vyao vilisubiwa peke yake na kuchomekwa, ili mwili mmoja uweze kuvaa kofia ya taifa lolote. Tazama pia mikao. Risasi yao ni laini, na mafundi walikunja mikono na miguu kabla ya kupaka rangi, wakapata watu waliokaa, wanaopanda ngazi au wanaopika chakula kambini. Ukikuta kambi nzima yenye mahema, sufuria na nyumbu waliobeba mizigo, fikiria Ujerumani kabla ya nchi nyingine. Vimo vyao vilikuwa vingi, na hapo kanuni ya milimita 54 haikusaidii. Onyo moja ni kwamba usijaribu ulaini huo kwa vidole vyako. Mguu uliokunjwa kiwandani mwaka 1900 utakatika ukikunjwa leo.

Tatu, Ufaransa. Mignot wa Paris, anayejulikana pia kwa herufi CBG, alisubu askari walioshiba wenye kimo kinachokaribia cha Britains, nao wana vichwa vya kuchomeka na rangi za kupendeza za majeshi ya Napoleon. Baadhi yao wana herufi hizo kitakoni, wengine hawana. Kwa askari wa farasi kuna jaribio jepesi la kutofautisha. Shika farasi, kisha jaribu kwa upole sana kuona kama mpandaji anatengana naye. Wajerumani na Wafaransa mara nyingi waliwatengeneza wawili hao mbalimbali, wakati Britains kwa kawaida waliwasubu mpandaji na farasi wake kwa pamoja. Akigoma kutoka, mwache alivyo, kwa maana huenda ametiwa lihamu.

Nne, Afrika Kusini. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Swedish African Engineers, kwa kifupi SAE, ilitengeneza huko askari walioshiba wa vimo vya milimita 30 na 54, wengi wao wakifuata michoro ya Msweden Holger Eriksson. Umbo lao huwa zuri kuliko rangi yao.

Mwisho kabisa ni nakala za siku hizi, zinazosubiwa katika kalibu za mpira. Hizi huwa na rangi safi mno na uchakavu uliopakwa kwa brashi. Uchakavu wa kweli huanzia puani, kwenye mabega, kwenye ncha ya bunduki na kwenye kingo za kitako, yaani kule mkono wa mtoto ulikopita. Uchakavu uliosambaa sawasawa mwili mzima una mwandishi wake.

Dalili ya tatu: ni bapa kama sarafu

Hawa hawachanganyi. Ni askari wa bati na risasi wa jadi ya Nuremberg, wenye unene wa milimita moja hivi. Ernst Heinrichsen alifungua karakana yake huko mwaka 1839, na kimo cha milimita 30 alichokitumia ndicho kilichokuja kukubalika miongoni mwa watengenezaji wengine. Chukua lenzi usome ubao mdogo wanaosimamia, upande wa mbele na wa nyuma. Mara nyingi kuna herufi za aliyechonga kalibu, ndogo kuliko mguu wa sisimizi, na warithi wengi huwaita askari hawa kuwa hawana alama kwa sababu hawakutumia lenzi. Zikikosekana, pima unene wa ubao na ulinganishe na picha za Jumba la Makumbusho la Sanamu za Bati katika ngome ya Plassenburg, mjini Kulmbach. Usiwanyooshe waliopinda.

Dalili ya nne: si baridi mkononi, ana nyufa, na waya unachungulia

Huyu ametengenezwa kwa mchanganyiko wa unga wa mbao na gundi uliokandikwa juu ya mifupa ya waya. Kimo chake kikiwa sentimita 7 au zaidi kidogo, watu wa kwanza kushukiwa ni Wajerumani wawili, Hausser wa Ludwigsburg aliyeuza kwa jina la Elastolin, na Lineol wa Brandenburg aliyetumia nembo ya bata bukini watatu. Wote wawili kwa kawaida waliandika jina kitakoni, kwa hiyo kutokuwepo kwake kuna maana. Chanzo cha kawaida ni rangi iliyopakwa juu ya maandishi, kisha kitako kilichomeguka, kisha mtengenezaji mdogo aliyeiga mtindo wao.

Nyufa hazimaanishi kwamba ni bandia. Unyevu huingia, waya ukashika kutu, kutu ikavimba, na mwili ukapasuka kwa kufuata mstari wa mguu au wa mkono. Sumaku iliyosogezwa karibu na ufa, bila kuugusa, huweza kuvutwa na waya ulio ndani, na hilo linatosha kuthibitisha aina yake. Maji ni marufuku hapa. Askari wa namna hii akiloweshwa hurudi kuwa uji wa unga wa mbao. Gundi ya dukani nayo usiimimine ndani ya ufa, kwa sababu huficha kutu inayoendelea na humfungia njia fundi atakayekuja baadaye.

Ukikuta miongoni mwao viongozi au alama za chama cha Nazi, fahamu kwamba sheria ya Ujerumani inazuia kuonyesha alama hizo hadharani isipokuwa katika hali maalumu. Muulize mwanasheria au nyumba ya mnada ya huko kabla ya kuweka picha mtandaoni kwa ajili ya kuuza.

Dalili ya tano: ni mwepesi mno, au ananata kwenye sumaku

Askari mwepesi wa metali isiyovutwa na sumaku ni wa alumini, na jina la kwanza la kufikiria ni Quiralu wa Ufaransa, kisha Wend-Al wa Uingereza. Anayenata kwa mwili mzima ni wa chuma cha kusubu, na kama kimo chake kinakaribia milimita 80 huenda ni Grey Iron wa Pennsylvania, Marekani. Wamarekani wa kimo hicho walio wa risasi, kama Barclay na Manoil, hawavutwi na sumaku, ingawa baadhi ya Barclay huvaa helmeti ya bati iliyobandikwa juu, nayo hushikwa.

Plastiki isiyo na alama ndiyo iliyo nyingi kuliko zote na ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu kalibu za Uingereza na Marekani zilinakiliwa Hong Kong bila idadi. Askari wa milimita 20 na ushee wa plastiki laini mara nyingi huwa Airfix au nakala yake. Kwa plastiki, na kwa plastiki peke yake, unaweza kutumia maji. Politheni huelea na polistirini huzama. Usizikunje kuona kama bado ni laini, kwa kuwa nyingine zimezeeka zikawa kama biskuti.

Dalili ya sita: unga mweupe au wa kijivu unatoka mwilini

Acha utambuzi, shughulika na hili kwanza. Unga huo ni kabonati ya risasi, nao hutokana na mvuke wa asidi, hasa asidi ya siki, unaotoka kwenye vitu vilivyo karibu. Kisababishi cha mara nyingi ni kabati au sanduku la mbao, mwaloni ukiwa mbaya kuliko zote. Hufuata kadibodi za zamani, na baadaye rangi au gundi mpya ya kabati. Unyevu na hewa iliyofungiwa huharakisha yote hayo, jambo ambalo wakazi wa pwani hawahitaji kuelezwa.

Watoe walioathirika, uwaweke mahali pakavu penye kupitisha hewa, juu ya karatasi isiyo na asidi, na boksi lao la asili lihifadhiwe peke yake kwa kuwa ndilo lenye jina la kiwanda. Usipulize unga, usiusugue, usitumie mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani. Uliodondoka mezani ufutwe kwa kitambaa kibichi kinachotupwa. Ikiwa unga umeshaingia kwenye shingo au vifundo, au sura imeanza kupotea, kazi hiyo imekwisha kuvuka mipaka ya nyumbani na anahitajika mtaalamu wa uhifadhi wa metali.

Dalili ya saba: sehemu za mwili wake hazikubaliani

Kichwa cha kikosi kimoja juu ya mwili wa kikosi kingine, au wekundu wa koti usiolingana na wa wenzake, mara nyingi ni matengenezo ya nyumbani. Shingo ya askari wa mvungu hukatika kwa urahisi, na kwa vizazi vingi watoto waliirudisha kwa kijiti cha kiberiti. Mulika shingo utafute kipande cha kijiti au tone la gundi. Taa ya urujuanimno nayo husaidia, maana rangi na gundi za siku hizi mara nyingi hung'aa kwa namna tofauti na zile za zamani zilizo jirani yake. Hata hivyo, mwenye duka mwerevu anaijua taa hiyo kama uijuavyo wewe.

Mahali pa kusimama

Simama na mwite mtaalamu pale unapotaka kuondoa rangi ya juu ili kusoma kitako, unapofikiria kutia lihamu au kukwangua kwa tupa, unapokuta seti iliyofungwa kwa uzi ndani ya boksi lake, na unapopewa bei na mnunuzi aliyefika kabla hujamaliza kupima. Uzi huo usiukate. Seti ambayo haijawahi kufunguliwa ni kitu tofauti na askari wale wale wakiwa mezani. Iwapo mtoto amemtia askari wa risasi mdomoni, nenda hospitali ukaulizie kipimo cha damu bila kungoja dalili.

Kwa mthamini, tuma picha za kila aina ya askari kutoka mbele, nyuma na pande zote mbili, picha ya chini ya kitako iliyomulikwa kutoka pembeni, na rula ikionekana katika angalau picha moja. Andika uzito kwa gramu na jibu la sumaku. Wapige picha pia wakiwa bado wamepangwa kama walivyokutwa sandukuni, kwa sababu aliyewaweka pale huenda alijua ni nani anayetembea na nani.